Gobore la Mjomba

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji walioyakosa.)

Ndugu msikilizaji, sisi wakazi wa mjini tunapolisikia neno "gobore", aghalabu tunalisikia katika taarifa ya habari. Fulani amekamatwa na gobore moja na gololi kadhaa. Fulani ameuawa kwa gobore katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Watu watatu wanashikiliwa kwa kumiliki magobore kinyume cha sheria. Taarifa huishia hapo, nasi tunaendelea na chakula chetu.

Juma hili ningependa tumtazame mwenye gobore ambaye hatajwi katika taarifa ya habari, kwa sababu hajaua mtu, hajamwibia mtu, na leseni yake anayo. Tuone anavyoishi na silaha yake, anavyoitunza, anavyoipenda, na jinsi anavyohusika na sahani ya wali iliyo mbele yetu.

Mtu mwenyewe ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, mkulima wa mpunga katika bonde la mto Rufiji. Jina lake silitaji, wala la kijiji chake. Nilipomwambia kuwa huenda nikamzungumza redioni alinijibu hivi: "Nizungumze, mwanangu, lakini usinitangaze. Wezi nao wana redio."

Safari yangu ya kwenda kwake haikuwa ya matembezi. Nilitumwa. Watoto wake wanaoishi Dar es Salaam walinifuata nyumbani wakaniambia kwamba macho ya baba yao yameanza kuingia ukungu, lakini kila msimu wa mpunga bado anapanda dungu usiku na gobore lake. "Wewe anakusikiliza," walisema. "Mwambie alirudishe polisi kabla hatujapata msiba au kesi." Basi nikapanda gari Mbagala, tukapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, tukavuka Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003 na kutuondolea adha ya kungoja kivuko. Nilifika jua linazama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wamekutuma?"

Sikuwa na la kuficha. Nikasema wamenituma.

"Basi kaa kwanza siku tatu. Ukishaona, ndipo useme."

Nikakaa. Na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, nyumba iko huku na shamba liko kule. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wengi wa Rufiji kutoka bondeni na kuwaweka katika vijiji vya sehemu za juu. Maji hayafiki huko, na ndiko zilikojengwa shule na zahanati. Lakini ardhi yenye rutuba ilibaki bondeni, palepale mto unapomwaga tope lake. Kwa hiyo mkulima wa Rufiji ana makazi mawili. Msimu wa mpunga ukipamba moto, familia nyingi huhamia shambani kwa wiki au miezi, na huko hulala katika dungu.

Kwa wasiolijua, dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, kina sakafu ya fito na paa la nyasi au makuti, na hupandwa kwa ngazi. Mchana, watoto na akina mama hukaa humo wakiamia ndege. Hupiga madebe, huvuta kamba zilizofungwa makopo, hurusha mabonge ya udongo. Usiku ndege hulala, na zamu ya pili huanza. Zamu hiyo ni ya nguruwe mwitu.

Mtu wa mjini akisikia nguruwe mwitu ameharibu shamba hudhani ni mnyama mmoja aliyepita akala masuke mawili. Sivyo. Nguruwe hutembea kwa kundi, hula kidogo na kulaza mengi. Hufukua, hugaagaa, hukanyaga. Mkulima aliyelala fofofo usiku mmoja anaweza kuamka akakuta kazi ya miezi minne imelala matopeni. Na katika vijiji vya Rufiji, ambako wengi wetu ni Waislamu, nyama ya nguruwe hailiwi, hivyo hakuna anayemwinda kwa ajili ya kitoweo. Anayempiga nguruwe hafanyi hivyo kwa uchu. Humpiga, akamfukia au akamwachia fisi, kisha akarudi dunguni. Mjomba hajawahi kuleta nyumbani hata kilo moja ya nyama ya mnyama anayempiga mara nyingi kuliko wote.

Tena nguruwe hatembei peke yake. Nyuma yake huweza kufuata simba. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer, wakiwamo Watanzania, walichapisha katika jarida la sayansi la Nature hesabu ya watu walioshambuliwa na simba nchini mwetu. Kati ya mwaka 1990 na 2004, watu wasiopungua 563 waliuawa na wengine zaidi ya 300 wakajeruhiwa. Mikoa ya kusini na pwani, Rufiji ikiwamo, iliathirika sana. Na watafiti hao walitaja chanzo ambacho mkulima yeyote wa bondeni angewaambia bila kulipwa: mahali ambapo wanyama wengine wa kuwindwa wamepungua, simba humfuata nguruwe, nguruwe huufuata mpunga na mahindi, na mkulima naye yupo hapohapo, amelala shambani ili amfukuze nguruwe. Wote watatu hukutana gizani wakati wa mavuno.

Hapo ndipo gobore linapoingia.

Gobore ni bunduki ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu. Mwenyewe humimina baruti nyeusi kwa kipimo, akashindilia makumbi ya nazi kwa ufito uitwao mdeki, akatia gololi, kisha akashindilia tena ili zisimwagike. Mwisho kabisa, mnyama akishaonekana, huweka fataki, yaani kile kikofia kidogo kinachotoa cheche. Nyundo ikipiga fataki, baruti huwaka, mlio hutoka, na moshi mweupe hufunika kila kitu. Mpigaji hajui kama amepata au amekosa mpaka moshi uondoke. Na akikosa hana risasi ya pili. Lazima aanze upya, baruti, makumbi, gololi, makumbi, fataki, na kama aliyekoswa ni simba, muda huo hatapewa. Masafa yake nayo ni mafupi. Mtu mwenye busara hapigi kitu kilicho mbali zaidi ya hatua thelathini au arobaini.

Kwa ufupi, ni silaha dhaifu, ya polepole na yenye masharti mengi. Nikamwuliza mjomba anapendea nini chombo cha namna hiyo wakati siku hizi kuna shotigani. Akacheka. "Shotigani haimfundishi mtu subira," alisema. "Hili ukiwa na haraka linakuaibisha."

Na ni kweli kwamba analipenda. Nisifiche jambo hilo nikadai kuwa kwake gobore ni jembe tu. Asubuhi ya siku ya pili nilimkuta amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, gobore limelazwa juu ya mapaja, sufuria ya maji ya moto iko pembeni. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu, kwa hiyo mtutu uliopigwa jana usipooshwa leo huanza kuliwa. Mjomba huuosha kwa maji ya moto, huukausha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki, kisha huupaka mafuta ya cherehani kidogo tu. Kazi hiyo inaweza kuchukua nusu saa. Yeye huifanya kwa saa mbili. Hukipapasa kitako, ambacho alikichonga mwenyewe kwa mti wa mninga baada ya kile cha zamani kupasuka, na hukisugua mpaka kikang'aa. Hukagua chemchemi ya nyundo. Huchungulia ndani ya mtutu dhidi ya jua. Mkewe, mkazamjomba wangu, alipita na ndoo ya maji kichwani akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi miaka arobaini sijapakwa mafuta hivyo."

Ana na daftari. Ni daftari la shule la kawaida, limefunikwa kwa gazeti, na ndani yake ameandika kila mlio uliowahi kutoka katika gobore hilo tangu apewe leseni: tarehe, mahali, alichopiga, amepata au amekosa. Nililipekua nikitegemea kukuta kurasa nyingi. Msimu uliotangulia alikuwa amepiga mara nne. Mara nne kwa msimu mzima! Mara mbili aliwapata nguruwe, mara moja alikosa, na mara ya nne alipiga hewani kumtisha kiboko. Usiku mwingine wote aliokesha dunguni hakupiga kitu. Alikohoa, aligonga debe, aliwasha tochi, na wanyama wakaenda zao.

Jambo hilo lilinishangaza kuliko yote. Mimi nilidhani mpenzi wa bunduki ni mtu apendaye kupiga. Huyu wa kwetu sehemu kubwa ya mapenzi yake ni kutunza, kukesha na kuzungumza.

Mazungumzo yenyewe huwa jioni, barazani. Hapo hukusanyika wazee watatu wanne, wenye magobore na waliokuwa nayo zamani. Hubishana kuhusu mambo ambayo mimi sikujua kuwa yanaweza kubishaniwa: kama makumbi ya nazi yanashinda kitambaa, kama mtutu mrefu una faida, kama mtu anaweza kumtambua mpigaji kwa kusikia mlio tu kutoka ng'ambo ya mto. Mmoja alidai anaweza. Wenzake wakamzomea, kisha wakakiri kwamba kweli anaweza.

Na katika mazungumzo ya baraza historia haikosekani, kwa sababu gobore katika nchi hii ni la zamani kuliko serikali zote tulizozijua. Lilipita bandari za pwani kwa maelfu katika karne ya 19, likaenda bara pamoja na vitambaa na shanga, likarudi na pembe za ndovu na, kwa aibu yetu sote, na watumwa. Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola kwa vijana wake waitwao rugaruga waliobeba bunduki za namna hiyo. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakatia saini mkataba uliozuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Lakini mkataba uleule uliacha mlango mmoja wazi kidogo: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara. Maana yake ni kwamba Mzungu alijiwekea bunduki mpya, na Mwafrika akaruhusiwa kubaki na ya zamani.

Rufiji iliyaona matokeo yake mapema. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa ndiyo kwanza vinaanza. Waliopigana walikuwa na mikuki, mishale na magobore mbele ya bombomu za Wajerumani. Haya tumefundishwa shuleni. Ambalo wengi hatukufundishwa ni habari ya nguruwe. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1997, ameonyesha kwamba katika Uzaramo, jirani na Rufiji, moja ya mateso ya miaka ile lilikuwa uharibifu wa nguruwe mwitu mashambani. Wanaume walichukuliwa kwenda kufanya kazi za kulazimishwa, uwindaji ukabanwa kwa amri za utawala, na akina mama wakabaki peke yao na mashamba yaliyojaa nguruwe. Njaa ikafuata.

Naomba tulishike jambo hilo, kwa sababu tutalirudia. Aliyemnyang'anya mkulima ulinzi wake bila kumpa ulinzi mwingine hakuondoa vita. Aliwapa ushindi nguruwe.

Sasa tuje kwenye sheria. Baada ya uhuru kumiliki silaha kuliendelea kuwa kwa kibali. Tulikuwa na Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991, na mahali pake pamechukuliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Raia hamiliki bunduki kwa sababu anaitaka. Huomba, na ombi lake huanzia kwa viongozi wa kijijini wanaomfahamu tabia, likapanda ngazi hadi kwa vyombo vya usalama. Leseni ni ya mtu mmoja na silaha moja. Si ya ukoo. Mwenyewe akifa, mtoto hawezi kulichukua gobore darini akasema ni urithi wa baba. Lazima lipelekwe polisi, na mtoto akilitaka aombe kama mtu mwingine yeyote.

Hapo wengi huteleza, na huteleza kwa kutojua. Mzee anafariki, matanga yanapita, gobore linabaki limefungwa kwenye mkeka. Miaka mitano baadaye kijana wa nyumba hiyo anakamatwa nalo. Si jambazi wala jangili, lakini mbele ya sheria ana silaha isiyo na leseni, na hilo ni kosa kubwa.

Sheria ya wanyamapori nayo, ile ya mwaka 2009, inasimama pembeni. Kuwinda bila kibali ni kosa hata kama bunduki yako ni halali. Kumwua mnyama kwa kujihami au kuokoa mali kunaeleweka, lakini ni lazima kuripoti, na nyara za mnyama huyo ni mali ya serikali. Mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali anaweza kuomba kifuta jasho, na familia iliyopoteza mtu huomba kifuta machozi. Majina yenyewe yanasema kweli: kinachotolewa hufuta jasho tu, hakilipi mpunga.

Ndugu msikilizaji, nisije nikaonekana nayapamba magobore yote. Yapo ambayo hayana daftari wala leseni. Yanatengenezwa vichakani kwa mabomba ambayo hayakukusudiwa kuhimili mlipuko. Siku ya tatu ya ukaaji wangu nilionyeshwa kijana mmoja anayefunga kamba za mtumbwi kwa mkono wa kushoto na meno. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikwenda na mtutu uliopasuka. Yapo pia yaliyotumika katika ujangili. Nchi yetu ilihesabiwa kuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Mwaka 2014 walibaki 43,000 na kitu. Waliofanya unyama ule walikuwa na silaha nzito, lakini magobore ya kienyeji hayakukosekana katika mnyororo huo.

Serikali ilipoamka, mkono wake ulikuwa mzito. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 na haikumaliza mwezi wa pili. Ilisitishwa baada ya malalamiko ya wananchi kuteswa na hata kuuawa, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Kisha, katika miaka ya 2016 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zikapita katika kipindi kibaya cha mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi. Siku zile, mjomba aliniambia, kuwa na gobore ndani ilikuwa kama kuwa na nyoka. Wauaji wangeweza kulifuata usiku, na askari wangeweza kulitilia shaka mchana. Akalipeleka mwenyewe kituoni lihifadhiwe, akakaa bila gobore mpaka hali ikatulia. Msimu ule alivuna magunia machache kuliko wakati wowote anaoukumbuka.

Sasa nirudi kwenye usiku wa pili wa ukaaji wangu, kwa maana ndio ulioamua jambo lililonipeleka.

Tulipanda dunguni baada ya sala ya isha. Mjomba alishindilia gobore, akalilaza mdomo ukielekea nje, na fataki akazitia mfukoni mwa shati. Tulizungumza kidogo, kisha tukanyamaza. Mbu walikuwa wengi. Kama saa nane hivi nikasikia mpunga ukichakarika upande wa mto, kitu kizito kinatembea, kinasimama, kinatembea tena. Moyo ukaanza kunidunda. Nikamgusa mjomba nikamnong'oneza, "Nguruwe. Piga."

Hakupiga. Hata fataki hakuitoa mfukoni. Alisikiliza, akanyanyua uso kama anayenusa, halafu akaita kwa sauti kubwa, "Nani huyo?"

Kimya. Akaita tena. "Nani? Sema jina!"

Kutoka gizani ikaja sauti ya jirani yetu, kijana wa dungu la tatu, anaomba radhi. Mtumbwi wake ulikuwa umefunguka, alikuwa anaufuata kwa kukatisha shambani, na tochi yake ilikuwa imekufa betri.

Tulikaa kimya muda mrefu. Mimi nilikuwa natetemeka, kwa sababu ningekuwa mimi mwenye gobore kijana yule angekuwa maiti, nami ningekuwa muuaji. Nilitaka kumsifu mjomba. Lakini yeye hakuwa akijisifu. Aliongea kama mtu anayeongea na nafsi yake.

"Zamani ningemtambua kwa mwendo wake kabla hajafika kwenye mpunga," alisema. "Leo mpaka nimwulize jina."

Asubuhi ya kuondoka kwangu aliniuliza, "Haya, walikutuma uniambie nini?"

Nikasema, "Sina la kusema, mjomba."

"Basi nitasema mimi. Waambie nitavuna kwanza. Nikishavuna nitalipeleka."

Na mwezi wa saba alinipigia simu. Alikuwa amelifunga gobore katika khanga kuukuu ya mkewe, amechukua leseni yake na daftari lake, akapanda pikipiki hadi kituoni. Alidai apewe karatasi ya kupokelewa, na hakuondoka mpaka akapewa. Askari kijana aliyeandika maelezo alilipekua daftari lile, akasema hajapata kuona mtu anayeandika kila risasi. Mjomba akamjibu kuwa yeye hajapata kuona mtu asiyeandika akajua amepiga ngapi.

Nikamwuliza anajisikiaje. Akasema mikono haina kazi asubuhi. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nizungumze nanyi leo.

"Mimi nimelirudisha kwa sababu ya macho," alisema. "Polisi wamelipokea kwa sababu ya sheria. Wewe umefurahi kwa sababu ya usalama wangu. Nguruwe je, nani amewaambia?"

Ndugu zangu, mimi si mtetezi wa kila kijiji kujaa bunduki. Mahali ambapo silaha ni nyingi, ugomvi mdogo humalizika makaburini. Nafurahi kwamba gobore la mjomba liko mikononi mwa serikali. Mara kadhaa serikali imetangaza muda wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha zisizo halali kwa hiari yao, na kila mwenye gobore la marehemu baba yake darini angefanya vyema kulipeleka asingoje kukamatwa.

Lakini silaha ikiondoka, kazi iliyokuwa ikifanywa na silaha ile haiondoki. Bonde bado lina mpunga, na mpunga bado una nguruwe. Ofisa wa wanyamapori, ambaye wazee bado wanamwita Bwana Nyama, eneo lake ni kubwa, na simu inayompata leo huweza kumleta kesho kutwa. Kijiji chenye askari wake wa wanyamapori waliofunzwa, wanaojulikana kwa majina na wanaopangwa zamu wakati wa mavuno, hakihitaji gobore katika kila dungu. Kijiji kisicho nao kitajifanyia kivyake, na mafundi wa vichakani hawako mbali. Tukiuliza kwa nini magobore haramu hayaishi vijijini, sehemu ya jibu ni hiyo.

Na liko jambo la pili, ambalo haliwezi kuandikwa katika sheria yoyote. Mjomba alipolirudisha gobore, alirudisha chuma na mti. Ile tabia ya kuacha fataki mfukoni mpaka ujue unachokitazama, kuita "nani?" mara mbili, kuandika kila mlio, kukesha msimu mzima kwa milio minne, hiyo hakuirudisha, kwa kuwa kituoni hakuna rafu ya kuiweka. Ataondoka nayo asipopatikana wa kumfundisha. Vijana watakaopewa bunduki za kulinda vijiji watafundishwa kulenga. Ningependa pia wapelekwe, japo kwa siku tatu, wakakae na wazee wa namna hii barazani, wafundishwe kutopiga.

Leo usiku, unapokula wali wako, kumbuka kwamba kuna mtu alikesha ili ufike hapo. Kwa sasa katika shamba la mjomba anakesha mwanawe mdogo, aliyeacha kazi ya bodaboda akarudi nyumbani. Silaha yake ni tochi, debe na sauti yake. Nimemnunulia betri za kutosha msimu mmoja.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa. Kwa herini.